Dhoruba ikivuma, usikimbilie shimoni

Na daktari wetu, Nakuru

Jioni moja msimu wa masika, mama mmoja wa mtaa wa Kaptembwa aliingia katika kliniki yangu akiwa amembeba mgongoni mvulana wa miaka tisa. Leso aliyomfunga kichwani ilikuwa imelowa damu na maji ya mvua. Nilidhani mtoto ameteleza matopeni. La, hakuwa ameteleza. Upepo ulikuwa umeng'oa bati la nyumba ya jirani, na jiwe lililowekwa juu ya bati hilo ili lisipeperuke ndilo lililomwangukia akikimbilia mlangoni kwao.

Tulimshona nyuzi 11. Usiku huo alilazwa ili achunguzwe, kwa maana mtu aliyepigwa kichwani anaweza kuzungumza vizuri saa moja na saa mbili baadaye akaanza kutapika na kupoteza fahamu. Alipona, na wiki iliyofuata mama yake alimleta nimtoe nyuzi. Aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka: "Daktari, sasa mvua ikija tena niwaweke wapi watoto?"

Swali hilo linafaa kuulizwa na kila mwenye nyumba kuanzia Naivasha na Gilgil hadi Njoro, Molo na Subukia. Sisi wa Bonde la Ufa tumezoea kuishukuru mvua, kwani ndiyo mahindi, ndiyo viazi, ndiyo maziwa. Lakini mvua yetu mara nyingi haiji peke yake. Huja na upepo wa ghafla, radi na mvua ya mawe. Wakazi wa Busara karibu na Nyahururu wanakumbuka Septemba 2008, ambapo barafu ilifunika mlima mzima ikawa nyeupe pepepe, na baadhi ya watu wakadhani ni theluji ya Ulaya. Ilikuwa mvua ya mawe.

Shimo la mwalimu

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alipata jibu lake kutoka mbali. Mwaka 2023 mwanawe anayeishi jimbo la Oklahoma, Marekani, alimtumia picha za sanduku la chuma lililozikwa chini ya sakafu ya gereji. Huko familia huingia ndani yake tufani inapokaribia. Mzee alivutiwa sana. Aliwaajiri vijana wawili, wakachimba shimo la kina cha zaidi ya mita mbili nyuma ya jikoni, wakalifunika kwa magogo, mabati na udongo. Alinitembeza huko kwa fahari. "Hata wewe daktari nitakupa nafasi," aliniambia.

Wamarekani hawajakosea. Kwao kuna aina ya kimbunga kinachoitwa tornado, ambacho kikikaza huvuma kwa zaidi ya kilomita 320 kwa saa na kuzoa nyumba nzima hadi msingi. Mei 20, 2013, kimbunga cha aina hiyo kiliua watu 24 katika mji wa Moore, jimboni humo, wakiwemo watoto saba waliokuwa katika shule moja ya msingi. Kwa upepo wa namna hiyo, kushuka ardhini ni busara.

Dhoruba zetu ni tofauti. Chamchela za vumbi tunazoziona Januari na Februari hupeperusha nguo na mabati yaliyolegea. Kinachotujeruhi zaidi ni paa linaloruka, ukuta unaoanguka, radi, na baadaye maji. Na shimo, msomaji wangu, ndipo mahali maji huenda kwanza.

Mvua za Aprili 2024 ziliponyesha, shimo la mwalimu lilijaa hadi juu kwa usiku mmoja. Bahati nzuri hakuna aliyekuwa amejificha ndani.

Maji si hatari ya pekee. Udongo wa sehemu nyingi za Nakuru ni majivu ya volkeno ya kale, mepesi na yasiyoshikana, na ukichimba bila kujenga kuta za kuuzuia, huporomoka ukilowa. Chini yake kuna nyufa za kale ambazo mvua kubwa hufunua. Machi 2018, ufa mkubwa ulikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Wataalamu walibishana iwapo bara linatengana au ni maji tu yaliyokuwa yamechukua majivu yaliyojaza ufa wa zamani. Kwa mtu anayetaka kuketi shimoni na wajukuu, ubishi huo hausaidii.

Kisha kuna hewa. Ardhi ya Bonde la Ufa ingali na moto chini yake, ndiyo maana mvuke hutoka Menengai na visima vya umeme vikachimbwa huko. Pamoja na mvuke, ardhi ya namna hii hutoa gesi ya kaboni dioksidi. Huko Kereita, kaunti ya Kiambu, gesi hiyo huchimbwa ili kuuzwa kwa watengenezaji soda. Haina rangi, na ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo hutuama shimoni kama maji yasiyoonekana. Hata bila volkeno, visima na vyoo vya shimo hukosa hewa safi. Mtu wa kwanza hushuka na kuanguka, wa pili hushuka kumwokoa naye huanguka, na kabla majirani hawajatambua, familia moja imepoteza watu wawili au watatu. Ukimwona mtu ameanguka shimoni, usishuke. Ita wazima moto, na kama kuna kamba anayoweza kuishika, mvute ukiwa juu.

Chumba, si handaki

Jibu nililompa yule mama wa Kaptembwa, baada ya kulifikiria, na ambalo hatimaye mwalimu alilikubali, ni hili: imarisha chumba kimoja cha nyumba uliyo nayo. Chagua kilicho kidogo zaidi, katikati ya nyumba, chenye dirisha dogo au kisicho na dirisha. Katika nyumba nyingi hicho ni stoo au ujia. Kuta za karibu hushikana vizuri kuliko za sebule pana, na chumba cha mita mbili kwa mbili huwatosha watu wanane wakiketi kwa kubanana kwa nusu saa. Dhoruba zetu nyingi haziishi sana kuliko hapo.

Kama ndiyo kwanza unajenga, mambo ni rahisi. Mwambie fundi ajenge kuta za chumba hicho kwa mawe ya kuchongwa na simiti ya kutosha, aweke nondo kwenye pembe kutoka msingini, na juu ya kuta azungushe mkanda wa zege wenye nondo, ule mafundi wanaouita ringi bimu. Mkanda huo hufanya kazi ya mshipi wa suruali: huzuia kuta zisiachane. Ukitaka dari ya zege, tafuta mhandisi aichore na upate kibali cha kaunti. Zege iliyomwagwa kwa kubahatisha juu ya kuta dhaifu ni hatari kuliko upepo wenyewe. Mbao nzito zilizopigiliwa karibu karibu chini ya paa zinatosha kuzuia tofali au jiwe.

Uangalie pia ule ukuta wa pembetatu unaopanda hadi kwenye kilele cha paa. Huo ndio huanguka kwanza, na mara nyingi huangukia ndani, juu ya kitanda. Chumba chako kisiwe chini yake.

Paa ndilo lenye kazi kubwa. Watu hudhani upepo husukuma paa. Mara nyingi zaidi hulinyanyua. Hupita juu ya mabati kwa kasi na kuyavuta, na wakati huo huo huingia kwa dirisha au chini ya veranda na kuyainua kwa ndani. Ndiyo maana uzito wa mawe juu ya paa hausaidii kitu. Upepo unaoweza kunyanyua bati utanyanyua na jiwe lake, na kinachofuata ni yule mvulana wangu wa nyuzi 11. Ningeomba kila anayesoma ukurasa huu ashushe mawe, matairi na vyuma kutoka kwenye paa lake leo, kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Badala yake, funga paa kwenye ukuta na ukuta kwenye msingi. Mabati yapigiliwe kwa misumari yenye kofia, juu ya mgongo wa bati na si bondeni, na misumari ikaribiane zaidi kwenye kingo na kileleni, ambako upepo huanzia. Boriti za paa zifungwe kwa ukanda wa chuma au waya mnene uliojengewa ndani ya ukuta mistari miwili au mitatu ya mawe kutoka juu. Msumari peke yake hautoshi. Nilijifunza hilo kwa gharama yangu. Fundi aliyeniezekea jikoni la shambani alitumia misumari pekee, nami sikuuliza, kwa kuwa daktari akiwa shambani huona haya kuonekana hajui. Msimu wa pili wa mvua paa hilo lilikutwa kwenye kahawa ya jirani, likiwa zima na mbao zake zote. Bati la geji 30 pia ni jembamba kuliko la geji 28, na tofauti ya bei huonekana siku ya upepo.

Nyumba ya mbao au ya udongo inaweza kuimarishwa vivyo hivyo: nguzo za pembeni zichimbiwe chini sana, na paa lifungwe kwenye nguzo hizo. Mpangaji naye asikate tamaa. Hawezi kujenga mkanda wa zege katika nyumba ya mwenyewe, lakini anaweza kuchagua pembe iliyo mbali na dirisha, akasogeza meza imara hapo, na kumsumbua mwenye nyumba kuhusu misumari.

Radi

Juu ya radi kuna maneno mengi. Wengine husema mabati huivuta, wengine kwamba ni laana au imetumwa na mtu. Mabati hayaivuti. Radi hupiga palipoinuka, iwe mti, kilima au mtu aliyesimama katikati ya shamba la ngano. Hatari ya nyumba ya mabati iliyoezekwa juu ya mbao ni kwamba umeme ukifika paani haupati njia ya kwenda ardhini, kwa hivyo hujitafutia njia, na mwili wa binadamu huwa njia nzuri. Nyumba ya udongo na nyasi haina kinga pia.

Ndivyo ilivyotokea Runyanya, wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, Juni 2011. Radi ilipiga shule ya msingi isiyo na kinga, ikaua wanafunzi 18. Nchini humo humo, Novemba 2024, watu 14 walikufa katika kambi ya wakimbizi ya Palabek walipokuwa kwenye ibada. Wote hao walikuwa wamejisitiri mvua. Paa walikuwa nalo.

Kinga ya radi ni fito za chuma juu ya paa, nyaya nene zinazoshuka angalau pande mbili za nyumba, na vyuma vilivyochimbiwa ardhini mahali penye unyevu. Hii si kazi ya kufanya mwenyewe. Mwite fundi wa umeme mwenye leseni, kwa sababu kinga hiyo lazima iunganishwe na waya wa ardhi wa stima ya nyumba. Ikifungwa vibaya huuleta umeme ndani. Waya mwembamba wa kufungia ua haufai. Na kwa kuwa wezi wa shaba hawalali, muulize kama chuma kilichopakwa zinki kitakufaa.

Ukiona umeme wa angani, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, ingieni ndani, na msitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Chomoa televisheni na chaja mapema, si wakati radi inapiga. Ndani ya chumba msiegemee ukuta wala kugusa mfereji. Ukikutwa njiani, gari lenye paa la chuma ni kimbilio zuri. Mti si kimbilio kamwe. Radi ikipiga mti au ardhi, umeme husambaa mchangani na kuwaua hata walio mita kadhaa kutoka hapo, na ng'ombe pamoja nao.

Sasa, na hapa naomba usome polepole, mtu aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Unaweza kumgusa mara moja. Nimewahi kusimuliwa na ndugu wa marehemu jinsi walivyosimama kando wakingoja mzee aje kumtakasa kabla ya kumgusa. Huenda angepona. Radi husimamisha moyo na pumzi kwa pamoja. Mara nyingi moyo huanza tena wenyewe, lakini pumzi huchelewa kurudi, na moyo uliokosa hewa husimama mara ya pili. Kwa hivyo wakiwa wameanguka watu kadhaa, mshughulikie kwanza yule anayeonekana amekufa, anayelia anapumua. Weka mikono katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu kiasi cha sentimita tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila baada ya mara 30 mpulizie pumzi mbili mdomoni. Mwingine apige simu 999, 112 au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Endelea hadi msaada ufike.

Walio wengi huishi. Wengine huwa na miguu baridi, ya samawati, isiyosogea, na jambo hilo huwatisha watu lakini kwa kawaida huisha baada ya saa chache. Michoro kama jani la mkangaga juu ya ngozi nayo hufutika siku hiyo au ya pili; si alama ya mchawi. Hata hivyo kila aliyepigwa afike hospitalini, kwani ngoma ya sikio huweza kupasuka, mtoto wa jicho huweza kutokea baadaye, na wako ambao husahausahau au huumwa na neva kwa miezi.

Hewa ya kupumua

Chumba kilichoimarishwa kinaweza kuua bila upepo kukigusa. Mvua ikinyesha Molo au Elburgon baridi huwa kali, na mtu wa kwanza kuingia chumbani huja na jiko la makaa. Usiliruhusu. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, inayonyakua nafasi ya oksijeni katika damu. Kichwa huuma, mtu husikia kichefuchefu, kisha usingizi mzito, na watoto hutangulia. Moshi usipoonekana watu hudhani ni salama. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo hudanganya. Chukueni blanketi. Na chumba kiwe na matundu mawili ya hewa, moja chini na jingine juu katika ukuta wa pili, yaliyozibwa kwa wavu.

Mlango usiwe na kufuli. Ndani wekeni tochi, maji ya kunywa, filimbi, dawa za wanaougua kisukari, pumu au shinikizo la damu, na viatu vya kila mtu. Viatu ndivyo husahauliwa. Vidonda vingi ninavyotibu baada ya dhoruba viko kwenye nyayo, vya watu waliotoka pekupeku kutazama uharibifu wakakanyaga msumari. Kidonda hicho kioshwe kwa maji mengi na sabuni, kisitiwe majivu wala majani chai, na uende ukadungwe sindano ya pepopunda siku hiyo hiyo.

Kuna dhoruba moja ambayo chumba hiki hakiiwezi. Mei 9, 2018, ukingo wa bwawa la Patel huko Solai ulibomoka usiku na watu wasiopungua 47 wakafa. Aprili 29, 2024, kabla ya alfajiri, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli yalishuka Mai Mahiu na kuua zaidi ya watu 45. Nyumba za mawe zilizolewa pamoja na za mbao. Anayeishi chini ya bwawa, kando ya mto au kwenye bonde la mafuriko ajue njia ya kupanda mlimani, ajue ataamshwa na nani, na asingoje aone maji. Ukisikia mngurumo mfano wa lori zito ambao hauishi, au mto uliokuwa umejaa ukapungua ghafla wakati mvua ingali inanyesha, ondokeni kwa miguu kuelekea juu, hata kama ni saa nane za usiku.

Mwalimu alilifukia shimo lake mwezi wa Juni mwaka huo. Stoo ya mahindi ndiyo chumba chao sasa: magunia yamehamishwa, paa limefungwa kwa ukanda wa chuma, na matundu ya hewa yametobolewa. Mkewe bado anateta kuhusu mahali pa kuweka magunia.